Vita vya Ruhengeri na Amri Iliyokataliwa

Katika darasa zetu za jioni hapa Bugarama tumezoea kuwasomesha vijana sira ya Mtume, na kila tufikapo katika vita vya Uhud huwa twakaa kitambo. Twawaeleza jinsi Waislamu walivyopanga safu zao chini ya jabali katika mwaka wa 3 wa Hijra, na jinsi wapiga mishale 50 walivyowekwa juu ya kilima wakaambiwa wasibanduke. Twawaeleza pia jinsi wengi wao walivyobanduka kwa kuona ngawira, ushindi ukageuka kuwa msiba. Juzi, tulipokuwa tukifunga vitabu, kijana mmoja akatuuliza: “Maalim, je, huku kwetu nako kumepata kuwa na vita vya mlimani, vya watu wa nchi moja wenyewe kwa wenyewe?”

Tulimjibu kwamba vilikuwako, tena si mbali wala si zamani. Mtu akitoka hapa Bugarama akashuka Kahama, kisha akaifuata barabara ya malori iendayo Nyakanazi na Ngara, atafika mto Kagera penye maporomoko ya Rusumo. Akivuka daraja ameingia Rwanda, na akiikata nchi ile mpaka kaskazini yake, ataiona milima mirefu iliyosimama kama ukuta. Chini ya milima hiyo uko mji wa Ruhengeri, ambao tangu mwaka 2006 huitwa Musanze. Hapo ndipo palipopiganwa, tarehe 23 Januari 1991, vita tutakavyovieleza leo. Vilikwisha kwa siku moja tu. Walakini ndani ya siku hiyo moja mlikuwa na mafunzo ambayo kila mwenye nyumba, mume na mke, yafaa ayajue na kuwafunza watoto wake.

MILIMA NA WATU WAKE

Milima yenyewe yaitwa Virunga. Ni minane, na asili yake yote ni milima ya moto. Miwili, Nyiragongo na Nyamulagira, iko upande wa Kongo na ingali hai hata leo. Iliyosalia imelala, nayo imekaa juu ya mipaka ya nchi tatu: Rwanda, Uganda na Kongo. Karisimbi, ulio mrefu kuliko yote, una mita 4,507, na Muhabura, ulio mpakani mwa Rwanda na Uganda, una mita 4,127. Chini kabisa ni mashamba ya viazi na pareto, yaliyolimwa mpaka ukingoni mwa msitu. Juu yake ni mianzi, na juu ya mianzi ni miti iliyofunikwa ukungu, makao ya gorila. Mtu wa nchi hii yetu ya joto na vumbi haamini kwa urahisi kwamba karibu na mstari wa ikweta iko baridi iwezayo kuua. Lakini huko iko, na mwishoni mwa mwaka 1990 iliua watu.

Watu hao walikuwa wapiganaji wa RPF, chama cha wazalendo wa Rwanda walioishi ugenini, ambacho jeshi lake liliitwa Inkotanyi. Ili tujue ni jambo gani lililowapandisha huko, hapana budi turudi nyuma kidogo.

KISA CHA MIAKA THELATHINI

Mwezi wa Novemba mwaka 1959 zilizuka ghasia katika Rwanda, nayo ilikuwa bado chini ya Wabelgiji. Nyumba za Watutsi zilichomwa moto, watu wakauawa, na maelfu wakakimbilia Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika. Nchi ikapata uhuru wake tarehe 1 Julai 1962 hali wana wake wengi wako nje. Mwishoni mwa mwaka 1963 baadhi ya wakimbizi walijaribu kurudi kwa silaha. Wakashindwa, na kisasi kikawaangukia jamaa zao waliobaki nyumbani. Tunamwomba msomaji alishike jambo hili, maana litarudi tena: wenye bunduki walikuja na wakaondoka, na wasio na bunduki ndio waliolipa.

Wakimbizi wakazaa, na wana wao nao wakazaa. Serikali ya Tanzania iliwapa wengi wao uraia katika mwaka 1980, watu zaidi ya 30,000, wakawa ni wenzetu katika kulima na kulipa kodi. Katika Uganda mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1982 wengi walifukuzwa majumbani mwao, wakasukumwa mpakani, na huko nako hawakupokelewa. Vijana wao waliingia katika jeshi la msituni la Yoweri Museveni, na liliposhinda mwaka 1986 baadhi yao wakawa maakida wakubwa. Mwaka huohuo chama tawala cha Rwanda, chini ya Rais Juvénal Habyarimana, kilitangaza kwamba nchi ni ndogo na imejaa, kwa hiyo wakimbizi hawawezi kurejea wote pamoja. Mtu akiambiwa kwamba kwao hapana nafasi yake, naye huko aliko haitwi mwenyeji, moyo wake huwa kama kuni kavu. Hatusemi haya kwa kuhalalisha vita. Twayasema kwa sababu moto hauwaki pasipo kuni.

Tarehe 1 Oktoba 1990 wapiganaji wa RPF walivuka mpaka penye Kagitumba. Siku ya pili yake tu jemadari wao, Fred Rwigyema, akauawa. Serikali ya Rwanda ikapata msaada wa askari wa Zaire, na Ubelgiji na Ufaransa nazo zikapeleka askari wao. Kabla mwezi haujatimia wapiganaji walikuwa wamevunjika, maakida wao wakuu kadhaa wamekwisha kufa, na Kigali ikadhani kwamba habari yao imekwisha.

Wakati huo Paul Kagame alikuwa Marekani akisomea mambo ya kijeshi. Aliporejea na kushika uongozi, hakuwatuma watu wake kupigana. Aliwaondoa katika nchi ya wazi ya mashariki, walikokuwa wakipigwa, akawapandisha Virunga. Huko walikaa zaidi ya miezi miwili, wakijipanga upya na kupokea vijana wapya waliotoka katika makambi ya wakimbizi. Baadhi yao walikufa kwa baridi. Waliosalia walijifunza kuishi mahali ambapo adui hakudhani kwamba mtu aweza kuishi.

TAREHE 23 JANUARI

Ruhengeri haukuwa mji wa kawaida. Nchi ile ya kaskazini ndiyo iliyokuwa ngome ya utawala, na wengi wa wakubwa wa serikali na wa jeshi walitoka huko. Tena mlikuwa na gereza kubwa, walimofungwa watu wa siasa. Kuupiga mji huo kulikuwa kama kumgonga mwenye nyumba mlangoni mwake.

Siku hiyo wapiganaji wapatao 700 walishuka kutoka milimani. Jeshi la serikali halikuwatazamia. Wengi waliamini kwamba vita vimekwisha tangu Oktoba. Mji ukatekwa. Wapiganaji wakachukua silaha nyingi na zana, wakalifungua gereza, wakawatoa wafungwa. Askari wa Kifaransa wakaenda kuwatoa wageni wa Kizungu. Jioni ilipoingia RPF hawakubaki kuushikilia mji, kwani walijua kwamba jeshi kubwa zaidi litakuja. Wakarejea msituni na vitu vyao, wakiwa na watu zaidi na bunduki zaidi kuliko walizoshuka nazo.

Kwa hesabu ya kijeshi hayo yalikuwa mafanikio. Nchi yote ilijua kwamba vita havijaisha, na kwamba milimani kuna jeshi. Tangu siku hiyo mapigano yaligeuka kuwa ya kuvizia na kurudi nyuma, yakaendelea hivyo kwa mwaka na zaidi. Lakini sisi si wanajeshi, na hesabu yetu si ya bunduki. Tazameni mambo mawili yaliyotukia kandokando ya vita hivyo: moja la kusifiwa, na moja la kuhuzunisha.

AMRI ILIYOKATALIWA

Mkuu wa jeshi la serikali katika Ruhengeri alikuwa Kanali Charles Uwihoreye. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba, mapigano yalipoanza, alipata amri kutoka Kigali awaue wafungwa wote kabla RPF hawajawafikia. Akakataa.

Fikirini hali yake. Adui yuko mjini, risasi zalia, na wakubwa wake wamemwamuru. Wafungwa wenyewe hawakuwa jamaa zake, wala si wote waliokuwa watu wema. Mmoja wao alikuwa Théoneste Lizinde, aliyepata kuwa mkuu wa usalama wa Rwanda, naye alikuwa amehukumiwa kwa kuwaua viongozi wa serikali ya kwanza waliokufa magerezani baada ya mapinduzi ya mwaka 1973. Tazameni jinsi dunia inavyozunguka: aliyekuwa akifunga wenzake naye alifungwa, na uhai wake ukawa mikononi mwa mtu mmoja tu asemaye “siui”. Kama Kanali angetii, ni nani angemlaumu siku ile? Angesema, “Niliamriwa.” Neno hilo ndilo ngao ya wauaji wengi tangu zama za Firauni hata leo.

Kanali yule hakupewa nishani. Baadaye serikali yake mwenyewe ilimtia kizuizini. Ama sisi, maulamaa wetu wametufundisha, tangu tukiwa watoto mikekani, kwamba kiumbe hatiiwi katika jambo la kumwasi Muumba. Twalijua neno hilo kwa ulimi. Huyu, wala hakuwa amesoma katika vyuo vyetu, alilitenda katika saa ambayo kutenda kulikuwa na gharama. Na haki, popote itokeapo, yataka kushuhudiwa.

WALIOLIPA

Jambo la pili ni habari ya Wabagogwe. Hawa ni wafugaji wa asili ya Kitutsi waliokaa chini ya milima na katika nchi za Gisenyi, wakichunga ng’ombe wao. Walikuwa maskini, walio mbali na siasa, na wengi wao hawakupata kuwaona hao wakimbizi wa Uganda kwa macho. RPF waliporudi msituni, wakubwa wa wilaya kadhaa waliwageukia watu hawa. Siku chache tu baada ya vita, na kwa miezi iliyofuata, Wabagogwe kwa mamia waliuawa, na jirani zao ndio waliotumwa kuwaua. Mwezi wa Januari 1993 tume ya kimataifa ya watetezi wa haki za binadamu ilikwenda Rwanda, ikachunguza na kuandika habari zao, na makaburi yakafukuliwa.

Basi angalieni mizani hii. Katika Ruhengeri mtu mwenye bunduki na amri alikataa kuua. Na mwendo wa saa chache kutoka hapo watu wasio askari, wakulima wenye majembe na mapanga, walikubali kuwaua waliokuwa wakipeana nao moto na chumvi. Kilichowatofautisha ni neno moja tu: huyu aliposikia amri aliiuliza kama ni ya haki, na wale hawakuuliza.

Wala isidhaniwe kwamba dhuluma ilikuwa upande mmoja tu. RPF waliposhambulia tena mwezi wa Februari 1993, wakauingia Ruhengeri kwa mara nyingine, nao walituhumiwa na watetezi wa haki kwamba waliwaua raia. Watu wapatao milioni moja waliyakimbia mashamba yao ya kaskazini, wakalala chini ya matandiko ya majani pembezoni mwa Kigali. Vita havimpi mtu yeyote mikono safi.

YALIYOTUFIKIA SISI

Wako watakaosema: hayo ni ya Rwanda, sisi watu wa Shinyanga na Geita yatuhusu nini? Ndugu zetu, yalitufikia mpaka mlangoni.

Mwezi uleule uliofuata vita vya Ruhengeri, Februari 1991, marais wa Rwanda na Uganda walikutana Zanzibar na Rais Ali Hassan Mwinyi, na siku mbili baadaye, tarehe 19, ulifanyika mkutano wa Dar es Salaam juu ya wakimbizi wa Rwanda. Mwezi wa Machi mapatano ya kusimamisha vita yalitiwa saini N’Sele, katika Zaire, lakini hayakushikwa. Mwaka 1992 mazungumzo yakahamia Arusha, na tarehe 4 Agosti 1993 mkataba wa amani ukatiwa saini huko. Wazee wetu walifanya waliloweza. Walakini karatasi haizuii moyo uliokwisha kufunzwa chuki.

Tarehe 6 Aprili 1994, Rais Habyarimana alipokuwa akirejea kutoka mkutanoni Dar es Salaam, ndege yake ilitunguliwa juu ya Kigali, naye akafa pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Ukaanza uuaji wa Watutsi, na wa Wahutu waliokataa uuaji huo, uliodumu kwa siku 100 hivi. Waliokufa wakadiriwa kuwa 800,000, na serikali ya Rwanda yasema walizidi milioni. Yale waliyotendwa Wabagogwe chini ya milima mwaka 1991 yalikuwa mfano mdogo wa jambo hilo. Lau watu wangeyaona kwa jicho la hofu wakati ule!

Kisha, katika siku ya tarehe 28 na 29 Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo wakaingia Ngara katika muda wa saa 24. Sisi tuliokuwa vijana wakati ule twakumbuka. Treni zilileta mahindi na maharage mpaka Isaka, na malori yakayapokea, yakapita Kahama usiku na mchana kwenda makambini. Vumbi la barabara halikutua. Ndipo tulipofahamu kwamba mlima ule wa mbali haukuwa mbali.

KALAMU NAYO NI SILAHA

Tumemsifu Kanali, na sasa yatupasa tujitazame wenyewe. Katika mwaka 1994 Waislamu wengi wa Rwanda, khasa katika mtaa wa Nyamirambo mjini Kigali, waliwaficha jirani zao majumbani na misikitini, wala hawakuuliza kabila ya mtu. Jambo hilo limeshuhudiwa na wasio Waislamu, na wengi waliuingia Uislamu baada yake. Tumshukuru Mwenyezi Mungu kwa hilo.

Lakini tusijisifu tukapita mpaka. Hassan Ngeze, mtu wa Gisenyi, alikuwa mwenzetu kwa jina na kwa dini. Mwezi wa Mei 1990 alianzisha gazeti liitwalo Kangura, na mwezi wa Desemba mwaka huohuo, wakati wapiganaji wakiganda kwa baridi Virunga, gazeti lake lilichapisha yale yaliyoitwa amri kumi za Wahutu, zilizowafundisha watu wasioe, wasishirikiane katika biashara wala wasiwahurumie jirani zao Watutsi. Mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha ilimhukumu mwaka 2003 kifungo cha maisha, na katika rufaa ya mwaka 2007 kikapunguzwa kuwa miaka 35. Jina jema la Kiislamu halikumzuia. Kalamu yake ilitangulia mbele ya mapanga, ikayasafishia njia.

NENO LETU KWA WENYE NYUMBA

Basi, enyi baba na mama, lile swali la kijana wetu limetufikisha hapa. Twaweza kuwafundisha watoto majina ya vita na tarehe zake, na hilo ni jema. Lakini kuna somo lisilofundishwa kwa tarehe, nalo laanzia jikoni na barazani.

Mtoto asikiapo mzee wake akisema, “Watu wa kabila ile ndivyo walivyo,” huwa amekwisha kupokea ukurasa wa kwanza wa gazeti la Ngeze. Aambiwapo na mkubwa wake ampige mwenzie, akampiga, kisha akatetewa kwa kuwa aliamriwa, huwa amefunzwa kutii bila kuuliza. Nasi walimu tusiepuke lawama. Tumezoea kumsifu mtoto mtiifu, na utii ni pambo. Lakini ni mara ngapi tumemsifu mtoto aliyesema kwa adabu, “Maalim, hili si haki, sitalifanya”? Mara nyingi twamchapa.

Tangu jioni ile ya swali tumejiwekea ada mpya katika chuo chetu. Tukimaliza habari za Uhud na wale wapiga mishale waliovunja amri iliyokuwa ya haki, huongeza na habari ya Kanali wa Ruhengeri aliyeikataa amri ya dhuluma. Kisha twawauliza vijana: ni lipi lililo zito, kushika amri ya haki wakati ngawira iko mbele yako, au kuikataa amri ya dhuluma wakati bunduki iko nyuma yako? Hawajakubaliana bado, na ubishi wao hutuchelewesha mpaka adhana ya Isha. Nasi hatuwaharakishi. Hapa Bugarama watu wa kila kabila wamekusanyika kwa ajili ya dhahabu na mashamba, jirani hajui alikozaliwa jirani yake, na heri vijana hawa wabishane leo mkekani juu ya swali hilo kuliko kukutana nalo siku moja bila kuwa wamelifikiri.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliodhulumiwa chini ya milima ile, awape amani majirani zetu wa Rwanda, Burundi na Kongo, na atujaalie sisi na wana wetu kuwa miongoni mwa wanaoijua haki na kuishika. Amin.